Niliungama nikaficha dhambi moja: je, nimesamehewa?

BARUA

Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi ni Mkatoliki tangu utotoni. Miaka saba hivi iliyopita nilikuwa mhazini wa kikundi cha watu waliokuwa wakiweka fedha pamoja. Nilianza kuchukua kidogo kidogo nikijiambia nitarudisha, sikurudisha. Hesabu zilipokaguliwa, pengo likaonekana. Sikumsingizia mtu, lakini nilipoulizwa nilijibu kwamba daftari lilikuwa likikaa kwa katibu pia. Jibu hilo lilitosha. Katibu, mama mmoja mwaminifu kabisa, alishukiwa, akajitoa kikundini kwa aibu, na hadi leo wapo wanaomwita mwizi. Mimi hakuna aliyenigusa.

Tangu hapo nimekuwa nikiungama kila Noeli na kila Pasaka. Nataja hasira, uvivu wa kusali, maneno machafu. Ile ya fedha nairuka kwa makusudi, maana paroko wetu ananijua kwa jina na kwa sauti. Kisha napokea Komunyo kama watu wengine. Siku hizi nikiikaribia altare miguu inakuwa mizito.

Mwenzangu kazini ni mlokole. Ananiambia najisumbua bure: hakuna mwanadamu awezaye kusamehe dhambi, niingie chumbani nifunge mlango, nitubu mbele za Mungu, yaishe. Ndugu yangu, Mkatoliki kama mimi, ana lake: niungame tu, padri akishatamka maneno kila kitu kimefutwa, fedha nizisahau, nikitaka nitie kitu kwenye kapu la sadaka.

Yupi kati yao yuko sahihi? Kanisa lilipata wapi mamlaka juu ya dhambi zangu? Maungamo yangu yale ya nyuma yana thamani yoyote? Padri anaweza kunikatalia, au kuniambia nijipeleke polisi, au kumwambia mtu? Na yule mama nimfanyie nini? Nina fedha za kuanzia kurudisha, ila si zote.

Mhazini wa zamani

JIBU

Milele na milele, amina.

Ndugu Mhazini, tuanze na lisiloweza kungoja. Acha kupokea Komunyo mpaka utakapoungama vizuri, lakini Misa usiiache. Kanuni ya 916 ya Sheria za Kanisa inamkataza mtu anayejua ana dhambi ya mauti, yaani dhambi kubwa inayomtenga na Mungu, kupokea kabla ya kuungama, isipokuwa pawe na sababu nzito na asiwe na nafasi ya kumpata padri. Wewe padri unaye, na nafasi umekuwa nayo kila Noeli na kila Pasaka. Kukaa kwenye benchi wakati wengine wanapanda altareni kunaweza kukuletea macho ya watu kwa Dominika mbili tatu. Vumilia. Kuna wanaobaki kwa sababu kumi tofauti, na hakuna mwenye haki ya kukuuliza.

La pili ni chungu zaidi: maungamo yako tangu ulipoanza kuficha hayakuwa halali. Hatusemi kwamba yalikuwa na kasoro kidogo, au kwamba zile hasira na maneno machafu yalisamehewa ikabaki ya fedha peke yake. Dhambi za mauti hazisamehewi moja moja, kwa sababu mtu hawezi kupatanishwa na Mungu kwa upande mmoja na kubaki ametengana naye kwa upande mwingine. Anayeficha moja kwa kujua ameziacha zote pale alipozikuta. Juu ya hayo anaongeza nyingine, ya kuikufuru sakramenti.

Kusahau ni jambo tofauti kabisa. Aliyejichunguza kwa moyo mweupe, akaungama, halafu njiani akakumbuka dhambi kubwa aliyoisahau, amesamehewa zote pamoja na hiyo. Wajibu wake ni kuitaja tu atakapoungama tena. Wengi huchanganya mambo haya mawili, wakajitesa kwa kusahau au wakajifariji kwamba kuficha ni namna ya kusahau. Wewe mwenyewe umeandika "kwa makusudi", kwa hiyo hapo hatuna la kujadili.

Basi unarudi nyuma mpaka maungamo yako ya mwisho yaliyokuwa mazuri, na kuanzia hapo unakusanya kila dhambi ya mauti, hata zile ulizokwisha kuzitaja kwenye maungamo mabovu. Dhambi nyepesi si lazima. Kanuni ya 988 inataka aina na idadi. Aina ni kama kuiba, kusema uongo, kukufuru. Idadi ikiwa huikumbuki, sema "kama mara mbili kwa mwezi kwa muda wa mwaka mmoja", inatosha. Na usijitetee kwamba kila safari ulichukua kidogo. Anayechukua kidogo kidogo kutoka mfuko uleule huku akijua anaendelea, amechukua jumla yake, na ukubwa wa kosa unapimwa kwa jumla hiyo na kwa hali ya walioibiwa.

Maneno yenyewe yanaweza kuwa haya:

"Unibariki, Padre, kwa kuwa nimekosa. Maungamo yangu ya mwisho yaliyokuwa mazuri ni ya miaka saba hivi iliyopita. Baada ya hapo nimeungama kama mara mbili kila mwaka nikificha kwa makusudi dhambi moja kubwa, na nimepokea Komunyo karibu kila Dominika nikijua hali yangu. Nilikuwa mhazini wa kikundi, nikaiba fedha zao kidogo kidogo, na jumla yake ni nzito kwa wenyewe. Nilipoulizwa nikajibu kwa namna iliyomfanya mtu asiye na hatia ashukiwe, na hadi leo jina lake halijasafishwa. Nina fedha za kuanza kurudisha."

Kisha zifuate nyingine kubwa, kama zipo. Unaona kwamba maneno hayo hayafiki dakika mbili. Jina la kikundi halimo, la katibu halimo, wala maelezo ya shida iliyokusukuma. Watu wengi hukwama kwa sababu wanajiandaa kusimulia, na anayesimulia huanza kujitetea kabla hajafika kwenye dhambi. Padri akihitaji kujua zaidi atauliza, na kanuni ya 979 inamtaka aulize kwa busara na asiulize kamwe jina la mtu mliyeshirikiana naye dhambini. Ukiona kinywa kinakuwa kizito, mwambie tu: "Padre, nina jambo nimelificha miaka mingi, naomba unisaidie kulitaja." Mwungamishi yeyote mzoefu anajua la kufanya hapo.

Kuhusu paroko anayekujua sauti: hulazimiki kwenda kwake. Kanuni ya 991 inampa kila mwamini uhuru wa kuungama kwa mwungamishi halali anayemtaka, hata wa mapokeo mengine ya liturujia ndani ya Kanisa Katoliki. Kanuni ya 964 nayo inataka kuwe na viti vya maungamo vyenye kimia katika mahali pa wazi, ili anayetaka kutoonekana asionekane. Nenda parokia nyingine au nyumba ya watawa yenye mapadri, siku isiyo na msongamano. Mkesha wa Pasaka, foleni imefika mlangoni na padri anatazama saa, si wakati wa maungamo ya miaka saba. Omba miadi. Kwa simu au kwa ujumbe haiwezekani, sakramenti hutolewa kwa mtu aliyepo.

Sasa mwenzako wa kazini. Usimdharau, maana nusu ya maneno yake ni mafundisho ya Kanisa lenyewe: Mungu peke yake ndiye anayesamehe dhambi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inaanzia hapo katika namba 1441. Hata hoja yake si ngeni, waandishi walioketi Kapernaumu waliiwaza kabla yake: "Ni nani awezaye kusamehe dhambi isipokuwa mmoja, ndiye Mungu?" (Marko 2:7). Mathayo akisimulia tukio hilohilo anamalizia kwamba makutano walimtukuza Mungu aliyewapa watu amri, yaani mamlaka, ya jinsi hii (9:8). Na jioni ya siku ya ufufuko Yesu aliwavuvia wanafunzi akawaambia wapokee Roho Mtakatifu, kisha: "Wo wote mtakaowaondolea dhambi, wameondolewa, na wo wote mtakaowafungia dhambi, wamefungiwa" (Yohana 20:23).

Msomaji akisimama hapo kwa utulivu, sehemu ya pili ya aya hiyo ndiyo inayosema mengi. Kama kazi ya mitume ingekuwa kutangaza tu kwamba Mungu ni mwenye huruma, kufungia kungekuwa na maana gani? Anayepewa kuamua kati ya kuondoa na kufungia lazima alisikie jambo lenyewe. Ndiyo hoja iliyotumiwa na Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Trento katika kikao cha 14, tarehe 25 Novemba 1551, ulipofundisha kwamba dhambi za mauti zitajwe mojamoja. Padri anapotamka "Nami nakuondolea dhambi zako", hatumii wema wake binafsi, na hata akiwa mwenyewe mdhambi kukuzidi, maneno yale yana nguvu ileile, kwa sababu mwenye mamlaka ni Kristo.

Kanisa la karne za kwanza liligombana sana juu ya mipaka ya mamlaka haya. Katika mateso ya Kaisari Decius, mwaka 250, Wakristo wengi waliikana imani ili waokoe maisha. Novatiani wa Roma akashikilia kwamba Kanisa halina uwezo wa kuwarudisha watu wa namna hiyo. Sipriani wa Karthago na maaskofu wenzake wakasema uwezo upo, ila toba kwanza. Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325 uliwakuta wafuasi wa Novatiani bado wapo, ukaagiza kwamba anayetaka kurudi kutoka kwao akubali kushirikiana na hao waliowahi kuanguka. Lakini mtaguso huohuo, katika kanuni ya 11, uliwapangia walioikana imani bila kulazimishwa miaka mitatu ya kukaa na wasikilizaji, saba ya kusujudu, na miwili ya kusali na waamini bila kushiriki sadaka. Jumla kumi na miwili. Anayenung'unikia kitubio (malipizi anayopewa muungamaji) cha rozari moja angeisoma kanuni hiyo kwanza. Maungamo ya faragha, yanayorudiwa kila inapohitajika, yalienezwa na wamonaki wa Ireland kuanzia karne ya 6. Mwaka 1215 Mtaguso wa Nne wa Laterano ukaweka wajibu wa kuungama walau mara moja kwa mwaka.

Wala usidhani Waprotestanti wote wanasema kama mwenzako. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, ambalo ni la Walutheri, linasema katika kifungu cha 11 kwamba ondoleo la faragha libaki kanisani, ingawa si lazima kuorodhesha dhambi zote. Katekisimu ya Heidelberg ya mwaka 1563, ya Wareformati, inazitaja funguo za ufalme, yaani mamlaka hayo ya kufunga na kufungua, kuwa ni mahubiri ya Injili na nidhamu ya kanisa. Kitabu cha sala cha Waanglikana cha mwaka 1662 kina maneno ya ondoleo ambayo kasisi humtamkia mgonjwa aliyeungama. Waorthodoksi huungama mbele ya ikoni ya Kristo, padri akiwa shahidi. Wanatofautiana katika kiini cha mamlaka yenyewe, na tofauti hizo si ndogo. Ila mtu anayekwambia kwamba Mkristo hana haja ya mtu yeyote katika kutubu, ana safari ndefu ya kuielewa Yakobo 5:16: "Ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi."

Kuhusu chumba chenye mlango uliofungwa, kuna ukweli ndani yake ambao unaweza kuutumia usiku huu. Katekisimu (1452) inafundisha kwamba majuto yanayotoka katika kumpenda Mungu kuliko vyote, yaani majuto kamili, huleta msamaha hata wa dhambi za mauti, yakiwa na nia thabiti ya kwenda kuungama mapema iwezekanavyo. Kwa hiyo piga magoti, sali ile sala ya kutubu polepole, na uweke nia hiyo. Majuto ya kuogopa adhabu au kuona aibu ya ubaya wa dhambi nayo ni zawadi, yanakuandaa kupokea ondoleo, ila peke yake hayatoshi bila sakramenti. Na kwa kuwa hakuna anayeweza kujipima moyo wake kwa uhakika, usirudi Komunyo kwa kujiaminisha kwamba majuto yako ya chumbani yalikuwa kamili.

Ndugu yako ndiye anayetuhangaisha zaidi, kwa sababu anazungumza Kikatoliki. Ondoleo hufuta hatia mbele ya Mungu. Mali ya mtu haliifuti kwenye mfuko wako. Katekisimu inasema katika namba 1459 kwamba ondoleo huondoa dhambi lakini halitengenezi uharibifu wote uliosababishwa na dhambi, na katika 2412 kwamba kilichoibwa kirudishwe kwa mwenyewe. Torati iliyaweka mambo haya mawili katika sentensi moja: mtu ataungama dhambi yake, kisha atarudisha kwa ukamilifu na kuongeza sehemu ya tano (Hesabu 5:7). Zakayo alijitwika mara nne. Kanisa halikudai sehemu ya tano wala mara nne. Linakudai kiasi ulichochukua pamoja na hasara waliyoipata wenyewe kwa kukosa fedha hizo. Na kapu la sadaka si mwenye mali. Ukitia humo fedha za kikundi unatoa sadaka kwa jasho la wengine, na deni liko palepale.

Namna ya kurudisha:

Andika jumla kwa uaminifu. Palipo na shaka kati ya kiasi viwili, mwambie mwungamishi akusaidie kukadiria. Kikundi kama kipo, mali ni yake. Kama kilivunjika, ni ya wanachama wa wakati ule kwa mafungu yao. Aliyefariki, warithi wake wanachukua. Asiyepatikana baada ya kumtafuta kwa dhati, fungu lake lipewe maskini, na hapo tu ndipo sadaka inapokuwa malipo halali. Kulipa kwa awamu kunakubalika. Mahitaji ya lazima ya nyumba yako yanaweza kukuchelewesha, anasa haziwezi. Anayenunua visivyo vya lazima huku akisema "nikipata nitalipa" hana nia ya kulipa, na bila nia hiyo majuto yake yana walakini.

Hulazimiki kujitaja kwa ajili ya fedha tu. Unaweza kupitia mtu unayemwamini, na mapadri wengi hukubali kuwa daraja. Ila liombe jambo hilo wazi, na nje ya maungamo. Aliyoyasikia kitini hawezi kuyafanyia kazi wala kuyagusia hata mbele yako mwenyewe pasipo ruhusa yako.

Sasa yule mama. Hapa bahasha ya kimya haitoshi, na tunaomba usitafute njia ya kukwepa. Wizi wa jina nao hudai marejesho (Katekisimu 2487). Kama watu wangemshuku wenyewe nawe ukanyamaza tu, wanateolojia wangejadiliana kiasi cha wajibu wako. Lakini ulisema ile sentensi ya daftari. Ilikuwa na ukweli ndani yake, nawe uliitoa ili ifanye kazi ya uongo, ikafanya. Aliyeharibu jina la mtu kwa maneno anapaswa kulijenga kwa maneno, kwa watu walewale walioharibiwa fikra, hata kama kwake yeye kuna gharama.

Fedha ziambatane na karatasi, itakayosomwa mbele ya wanachama:

"Fedha hizi ni sehemu ya zile zilizopotea mlipokagua hesabu. Aliyezichukua ni mmoja, naye ndiye anayezirudisha, zilizobaki zitafuata. Katibu wa wakati ule hakuchukua chochote, hakujua chochote, na alishukiwa bila hatia. Anayerudisha anawaomba radhi ninyi, na yeye zaidi."

Tuseme wazi udhaifu wake. Maneno yasiyo na jina yanaweza kuzaa mnong'ono kwamba katibu mwenyewe ndiye anayerudisha kwa kificho, ukawa umemwongezea mzigo. Ndiyo maana padri au mtu mwingine anayeheshimika na pande zote awe ndiye mkabidhi, na athibitishe kwa mdomo wake kwamba anamjua aliyemtuma na kwamba siye katibu. Ikiwa hata hivyo hawatasadiki, tunaona umebakiwa na njia moja, kujitaja. Kwa maoni yetu ingekuwa heri uanze na hiyo kwa mama huyo mwenyewe, ana kwa ana, kabla karatasi haijasomwa, ili naye aseme angependa asafishwe vipi. Yeye ndiye aliyeumizwa kuliko kikundi kizima.

Akikukatalia msamaha? Ondoleo la padri halimfungi yeye kukusamehe kwa ratiba yako. Ana amri ya Kristo juu ya kusamehe, lakini hiyo ni kati yake na Kristo, si silaha ya kushika mkononi unapobisha hodi. Usimnukulie "saba mara sabini". Omba radhi, taja ulichokifanya bila neno "lakini", nyamaza, msikilize.

Uliuliza kama padri anaweza kukukatalia. Kanuni ya 980 inamkataza kunyima au kuahirisha ondoleo kama hana shaka na utayari wa muungamaji anayeliomba. Ukubwa wa dhambi si sababu. Sababu ni kukosa majuto au kusudi la kujirekebisha: mtu anayesema "nimetubu, ila fedha sirudishi ingawa ninazo", au "yule mama atajijua". Hapo padri analazimika kuahirisha, na huko ndiko kufungia, kwa sababu hawezi kutangaza kimekwisha kitu ambacho mwenyewe bado amekishika mkononi. Wewe unakwenda na fedha za kuanzia, kwa hiyo hofu hiyo iweke chini. Asipokuelewa kwa mara ya kwanza, usiondoke. Eleza nia yako ya kurudisha, kwa kuwa ndiyo anayotaka kuisikia.

Polisi: hawezi kukupa hilo kuwa sharti la ondoleo. Idara ya Toba ya Kitume ilieleza hivyo katika waraka wake wa tarehe 29 Juni 2019, kwa msingi wa haki ya asili kwamba mtu halazimiki kujifichua. Anaweza kukushauri, na ushauri wake uupime. Ila ondoleo si kinga mahakamani. Siku moja kikundi kikifungua kesi, kusema "niliungama" hakutazuia chochote.

Kumwambia mtu hawezi. Siri ya maungamo haina mlango wa dharura: kanuni ya 983 inamkataza padri kumsaliti muungamaji kwa neno au kwa namna yoyote ile, kwa sababu yoyote. Kanuni ya 984 inamkataza hata kuyatumia aliyoyasikia kwa namna itakayomdhuru muungamaji, hata pasipo hatari ya siri kufichuka. Anayeivunja siri moja kwa moja anajitenga na Kanisa papo hapo, bila kungoja hukumu (kanuni ya 1386, katika Kitabu cha VI kilichorekebishwa na kuanza kutumika tarehe 8 Desemba 2021). Laterano ya mwaka 1215 iliagiza padri wa namna hiyo avuliwe madaraka na afungiwe monasterini afanye toba maisha yake yote. Kama kuna mkalimani, naye anafungwa na siri. Hata mtu aliyesikia kwa bahati mbaya akiwa kwenye foleni anafungwa nayo, kwa hiyo ongea kwa sauti ya chini, lakini usinong'one mpaka padri akuombe urudie, maana kurudia ndiko kunakomfanya mtu apunguze maneno.

Baada ya ondoleo utapewa kitubio, kama hujapewa kabla yake. Kinaweza kuwa sala, tendo la huruma, au hatua ya kwanza ya marejesho yenyewe. Kama hukiwezi, sema palepale: "Padre, hiki sitakiweza kwa sababu hii," naye anaweza kukibadili. Ukisahau kukitimiza, ondoleo halifutiki, ila kitimize ukumbukapo. Usirudie kuungama dhambi hizi kila mwezi kwa hofu kwamba pengine hukuzieleza vizuri, ni ugonjwa unaowapata wengi waliokaa miaka bila amani. Ukikumbuka kitu kikubwa kipya, kitaje safari inayofuata, kifupi, uendelee. Komunyo unaweza kupokea siku hiyohiyo, huna haja ya kusubiri mpaka malipo ya mwisho yakamilike, mradi awamu zinaendelea kutoka. Ukifika mahali ukashindwa kulipa awamu, rudi kwa mwungamishi yuleyule, kwa kuwa anaijua hali yako, na umruhusu azungumzie jambo lile la kwanza. Bila ruhusa hiyo hawezi kuligusia.